Kifurushi Kijitosheleze

Kiseke, Mwanza

Kwa Bibi yangu Ng'wana Lugendo, mke wangu wa kwanza na wa pekee,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, mwambie Dada Kabula asogee kwenye mwanga, maana mwandiko wangu ni uleule uliomshinda mwalimu wa kidato cha pili mpaka tukaagana. Dada Kabula, na wewe hujambo? Soma kila kitu kama nilivyoandika. Usiruke palipo na sifa zangu ukidhani ni mapambo. Hizo ndizo habari zenyewe.

Bibi, magoti yanasemaje? Nasikia umeanza tena kushuka bondeni mwenyewe kuangalia ndama kwa sababu huwaamini wachungaji. Mke wangu, ukiendelea na tabia hiyo nitakufuata hukohuko Katavi nikurudishe kwenu Kisesa, nikadai mahari yangu kwa ndugu zako. Mvua zimewafikia? Ule ugonjwa wa kwato umeisha? Na yule dume mwekundu mbishi, yupo au mmeshamla? Kama mmemla bila mimi, natafuta bibi mwingine. Huku Kiseke wapo wengi, na wana meno.

Mimi mzima. Nakaa bado kwa Mjomba Kulwa, huku juu kwenye mawe. Nimenenepa shingo, sato tunakula, na wasichana wa mtaa huu wananisalimia wao kwanza. Dhumuni la barua hii sikwambii sasa, utalikuta katikati. Ukilikuta usimrushie Kabula kikombe, yeye ni msomaji tu.

Uliuliza kwa Mjomba nafanya kazi gani hasa, naye akakujibu kwamba nashinda kwenye duka la kompyuta kule Nyamagana nikitazama kioo. Hilo ni jibu la mtu mwenye wivu. Ngoja nikueleze mwenyewe. Ila nakuonya, kazi hii nusu yake sikuielewa, na ile nusu niliyoielewa ndiyo imenichanganya zaidi.

Kompyuta bila programu ni sanduku. Sasa, ziko programu za kuuzwa, na ziko zinazotolewa bure na watu wa dunia nzima ambao hata sura hawajuani. Watu hao wanazifunga kwenye vifurushi, wanaviweka kwenye ghala moja mtandaoni, na yeyote mwenye shida anachukua. Hawalipwi. Nimeuliza mara nyingi, hawalipwi. Vifurushi ni vingi kuliko ng'ombe wa Shinyanga, na kila mmoja akifunga anavyojisikia, mambo yatakuwa kama ule msimu ulionisimulia, watu walipotia mchanga na maji kwenye magunia ya pamba ili mizani iseme uongo, pamba safi ikachanganyika na fifi, ile pamba chafu, mnunuzi akakataa yote.

Kwa hiyo kipo kitabu. Kitabu kinasema kila kifurushi kiwe na nini ndani, vitu vyake vikae wapi, kiseme ni kazi ya nani na kama mwenyewe ameruhusu igawiwe, na siku kikitolewa kisiache uchafu. Mahali pengine kitabu kinasema "lazima", mahali pengine kinasema "inafaa". Ukivunja lazima, kifurushi chako kinatolewa ghalani. Ukivunja inafaa, unatazamwa tu kwa jicho baya.

Mmoja wa watunzaji wa hicho kitabu ni bosi wangu, Kaka Projestus, Mhaya wa Muleba, mtu wa miwani na kahawa, anayekunja hata karatasi ya maandazi kabla ya kuitupa. Mimi alinichukua kwa kufungua skrubu. Kisha akaona nina jicho, akaanza kunipa vifurushi nivikague. Nafungua kifurushi, nafungua kitabu, nalinganisha. Kiingereza chenyewe nilikiokota palepale, kwa kukigongagonga kama karanga. Mwishowe nikatengeneza kifurushi changu mwenyewe, mchezo wa watoto. Mtoto akibonyeza picha ya ng'ombe, sauti inamtajia rangi ya ng'ombe huyo kwa Kisukuma chetu. Jina langu limeandikwa pale, Shija, mtunzaji, dunia nzima inaliona. Nilimwonyesha Mjomba, akauliza kama wananipa hata chakula. Lakini bodaboda wote wa Kiseke wanajua. Niliwaambia mmojammoja.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Tulifufua laptopu kuukuu kwa ajili ya shule moja ya kisiwani, upande wa Sengerema. Huko mtandao hakuna, kwa hiyo tulibeba ghala kwenye diski, na Kaka Projestus akanituma mimi peke yangu nikaweke programu. Nikavaa shati jeupe. Mwalimu wa pale anaitwa Neema, mfupi, haogopi mtu. Akawapanga wanafunzi wamzunguke fundi kutoka Mwanza, na mimi, unanijua, nikaanza kwa hotuba. Nikawaambia kompyuta hizi zinaniogopa. Nikawaonyesha kifurushi chenye jina langu kwenye orodha, kwamba kile nacho watakipata, kiko mwishoni.

Nikaanza na kamusi ya Kiswahili. Ikaingia vizuri, ikafika katikati, ikasimama. Kumbe kifurushi chenyewe kilikuwa ganda. Maneno hayamo. Kikishafunguka ndipo kinakwenda mtandaoni kuyafuata. Kikatafuta, kikatafuta, kikagoma, na vifurushi vyote vilivyokuwa nyuma yake kwenye foleni vikagoma pamoja nacho, changu kikiwemo.

"Fundi, inasema nini hiyo?" Mwalimu Neema akauliza.

"Inasubiri mtandao."

"Mtandao uko Mwanza. Huku tuna dagaa."

Wanafunzi wakacheka mpaka mmoja akashika dawati. Nilirudi na shati langu jeupe, na laptopu zikabaki zimelala.

Nikamwambia Kaka Projestus kwamba mwenye kamusi afukuzwe. Akanisukumia kitabu.

"Kinasemaje kuhusu hilo?"

"Kinasema inafaa kifurushi kijitosheleze."

"Basi hajavunja kitu."

"Ametuaibisha, Kaka."

"Aibu haimo kitabuni. Kama unataka iwe lazima, andika pendekezo. Wakikuunga mkono watatu kati ya wenye funguo, na asiwepo mwenye pingamizi lisilojibiwa, inakuwa lazima."

Wenye funguo ndio wanaoaminiwa kuweka vitu ghalani bila kukaguliwa. Mimi sina ufunguo, nina ruhusa ndogo tu, na hiyo niliipata kwa sababu Kaka Projestus alinisimamia kwa jina lake. Hapo ukumbuke, Bibi. Nikiharibu mimi, anayechafuka ni yeye.

Nikaandika pendekezo. Sentensi moja: kifurushi ni lazima kijitosheleze, kisifuate chochote mtandaoni wakati wa kuwekwa. Nikategemea wapige makofi. Kimya. Kimya asubuhi nzima, mpaka mchana. Kwenye mkutano wa kijiji ukisema jambo watu wakanyamaza, maana yake wamekubali, au wanasubiri uondoke wakuseme. Nikamuuliza Kaka Projestus kimya hiki ni cha namna gani. Akasema, "Wamelala, Fundi. Kwao ni usiku."

Walipoamka ikawa balaa. Mmoja akauliza "wakati wa kuwekwa" unaanza lini na kuisha lini. Mwingine akauliza saa ya kompyuta ikijirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni, je, hiyo ni kufuata kitu? Wiki nzima wanabishana juu ya sentensi yangu kama waganga wawili juu ya mgonjwa mmoja, na hakuna mkubwa wa kuwaambia basi, inatosha. Niliuliza chifu wao ni nani. Hawana.

Kisha akaja mwenye kamusi mwenyewe. Ni mama wa nchi ya barafu, anaitwa Annika. Aliandika kwa adabu mpaka nikaogopa. Akasema amefurahi kusoma pendekezo, ila ana wasiwasi kidogo: maneno ya kamusi yanaongezeka kila mara, akiyafunga ndani, watu watapata kamusi iliyochacha, na ghala litavimba. Akanishukuru, akanipinga, akanitakia mapumziko mema ya mwisho wa wiki. Nilisoma mara nyingi nikitafuta tusi. Sikulipata, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Nikajiambia, Shija, haya ni mashindano ya ngoma tu. Si wewe ulinifundisha? Vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, muda mmoja, kule Bujora, na mshindi ni yule ambaye watu wamejaa upande wake. Na mtunzi wa nyimbo kazi yake ni kumvua nguo mtunzi wa upande wa pili. Si ulinisimulia kwamba Babu alipotoa chatu kwenye kapu, umati wote ukahama, wapinzani wakabaki wanachezea vumbi, nawe ulikuwa miongoni mwa waliohama, ndipo ukaolewa? Basi.

Nikaanza na wimbo. Nikamtungia Annika: kamusi yako ni mtungi usio na kitako, tumeubeba kichwani tukavuka ziwa, tulipofika tukatua ngata. Nikaugeuza Kiingereza, nikautuma mbele ya wote.

Jamaa mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, maneno haya yanarekebisha kifungu kipi cha pendekezo. Na Annika akasema asante kwa shairi, ila hajaelewa ngata ni nini. Ikabidi nimweleze, kwamba ni kitambaa mnachoviringa kichwani mkibeba mtungi, na mtungi ukivuja wote kinabaki hicho peke yake. Akasema amependa. Bibi, umewahi kumweleza mtu tusi lako taratibu mpaka akalipenda? Linafia mdomoni.

Ikabaki umati. Nikashuka kijiweni.

"Mnaniunga mkono?"

"Kwenye nini?" akauliza Bahati, yule wa bodaboda nyekundu.

"Kifurushi kijitosheleze."

"Kifurushi cha nani?"

"Cha kila mtu."

"Changu kinaisha kila siku saa nne asubuhi. Naunga mkono, tena sana."

"Sio kifurushi cha simu, Bahati."

"Hata kama. Nishaunga."

Nikamwandikisha. Nikawaandikisha wenzake, na wakaanga samaki, na vijana wa kwaya ya Mjomba wote mpaka yule mwenye sauti ya nne anayelala mazoezini. Niliwafungulia anwani za barua pepe dukani mchana mmoja, Kaka Projestus akiwa kanisani kwenye harusi ya mdogo wake. Ujumbe ukawa unamiminika: naunga mkono, naunga mkono, naunga mkono. Niliegemea kiti nikasikia kabisa Wagalu wanahama.

Hapa ndipo lilipo lile dhumuni, Bibi. Weka kikombe chini.

Na wewe uliniunga mkono.

Nilikufungulia anwani nikakuandikia maneno kwa jina lako, Ng'wana Lugendo, mfugaji. Yalikuwa maneno mazuri, nakuapia. Ulisema umezalisha ng'ombe maisha yako yote, hujawahi kuona ndama anayezaliwa nusu, nusu nyingine ikafuatwe sokoni. Ukasema ndama wa hivyo ni wa watu wanaokaa karibu na soko. Watu wa mbali watamzika.

Katika umati wote ule, uliyejibiwa ni wewe tu. Annika alikuandikia wewe. Akasema hiyo ya ndama ndiyo sababu ya kwanza ya maana aliyoisoma siku hiyo, kwamba yeye kweli anakaa karibu na soko, na angependa akuulize mnaishije huko mtandao usipokuwepo. Nikafurahi nikaruka. Halafu nikakaa chini, maana sasa ilibidi ujibu.

Sikupata nafasi ya kukujibia. Watu wale wana namna ya kuona ujumbe umetokea wapi. Wakaona kwaya, bodaboda, wakaanga samaki na bibi wa Katavi wote wametokea kwenye waya mmoja wa Nyamagana. Wakamwandikia Kaka Projestus.

Alinikuta asubuhi nafagia. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Bibi yako ana kompyuta?"

"Ana ng'ombe."

"Nani aliandika ile ya ndama?"

"Mimi."

"Ni sababu nzuri. Kwa nini hukuandika kwa jina lako?"

Nikamtazama, sikuelewa anauliza nini. Kwetu kijana akisema neno mbele ya wazee, hata likiwa na uzito wa jiwe, linaelea. Neno lilelile likitoka kwa Ng'wana Lugendo, linazama, watu wanatikisa vichwa. Nilidhani nimelisaidia neno. Nikamwambia hivyo.

"Huku hawahesabu vichwa," akasema. "Wala hawaangalii mvi. Wanachotaka ni kwamba anayesema awe ni yeye kweli. Hicho tu, Shija, na hicho ndicho ulichowanyima."

Aliniita Shija. Siku zote nikiwa sijakosea huniita Fundi.

Wakafuta umati wote. Wakafuta na ndama wako, ingawa walikiri alikuwa mzuri. Ruhusa yangu ndogo ikazuiwa. Kaka Projestus akajiondoa kwenye shauri lile, kwa sababu mimi ni mtu wake, na mtu wake alidanganya. Miaka yote alikuwa anakitunza kitabu hicho, na watu wa mbali wakibishana walikuwa wanasema tumsubiri Projestus. Sasa ikawa wakifika kwenye pendekezo langu anakaa pembeni kama mgeni. Dukani hakuninunia, hapana. Alinisalimia, akanipa kazi, na mchana akaenda kula peke yake.

Bibi, hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Kwetu ukikosa, unaitwa, unapigwa faini, unatoa mbuzi, mnamla wote, na uliyemkosea anakuchagulia nyama laini. Kesho mnasalimiana. Nikaandika mbele ya wote kwamba nimekosa, naomba wanitajie faini. Mmoja akajibu kwamba hawana utaratibu wa faini. Nikauliza, sasa linaishaje? Nikaona hawa watu ni wagumu kuliko sungusungu wetu wanaolinda kijiji. Sungusungu angalau wanataja mbuzi.

Aliyejibu mwishowe ni Annika. Akasema hajui habari za mbuzi, ila kama nataka kufanya kitu, nifanye hiki: nichomoe waya wa mtandao, niweke vifurushi vyote ambavyo shule inavihitaji, kimoja kimoja, na niandike vinavyogoma. Kwa sababu wanabishana bila kujua tatizo lina ukubwa gani, na mwenye kisiwa ni mimi.

Nikachomoa waya. Nilianza kazi ile kwa hasira, nikaendelea nayo kwa sababu Kaka Projestus alikuwa anapita nyuma yangu. Naweka kifurushi, nasubiri, naandika. Vingi vilipita. Vilivyogoma vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani: kamusi, ramani ya dunia, herufi za kuandikia hesabu. Nikafika kwenye ng'ombe wangu.

Nilijua, Bibi. Nilijua tangu siku nakifunga kwamba zile sauti za rangi za ng'ombe hazimo ndani. Nilizikuta mtandaoni, mzee fulani anataja rangi, jina lake halipo, aliyemrekodi hajulikani, kwa hiyo kitabu hakiniruhusu kuzifunga na kuzigawa. Ndiyo maana nilikielekeza kifurushi kiende kuzifuata chenyewe. Lakini kichwani mwangu changu kilikuwa tofauti. Ganda la mwenzangu nilikuwa naliita ganda. Langu nilikuwa naliita njia ya mkato. Nikakiweka bila waya, picha ikatokea, ng'ombe akasimama pale, nikambonyeza, bubu. Na foleni ikagoma nyuma yake.

Nani angejua? Hakuna mtu kwenye nchi ya barafu anayejaribu mchezo wa ng'ombe wa Kisukuma. Na kama nikikitaja, sheria ikipita, cha kwanza kutupwa ni hicho chenye jina langu, hicho ambacho kijiwe kizima kinakijua.

"Kaka," nikamwita. "Cha kwangu nacho nikiandike?"

Alikuwa ameinama anachomelea waya. Hakuinua hata miwani.

"Unaniuliza mimi? Mimi nimejitoa."

Akaendelea kuchomelea. Nilisimama pale kama nguzo ya zizi. Nikarudi kwenye kiti. Nikakiandika cha kwangu cha kwanza, juu kabisa, kabla ya kamusi. Sikuongeza maelezo ya kujitetea, maana kila nililolifikiria lilifanana na lile la Annika la kamusi iliyochacha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Annika akafunga maneno yote ndani ya kamusi yake, na yale mapya akayatengenezea kifurushi cha pembeni kwa wenye mtandao. Aliyekuwa ananipinga akageuka akawa wa kwanza kuniunga mkono. Mwenye ramani akafuata. Wa tatu alikuwa yule jamaa aliyeuliza wimbo wangu unarekebisha kifungu gani. Sentensi yangu ikaingia kitabuni, imekatwakatwa na kushonwa, imebaki na maneno yangu machache, lakini "lazima" ipo na "kujitosheleza" ipo. Ruhusa yangu ndogo ikarudishwa bila sherehe, na Kaka Projestus akarudi kwenye kiti chake cha utunzaji kama mtu aliyetoka chooni.

Kikabaki kifurushi changu. Kaka Projestus akanieleza kwamba naweza kusubiri watu wa ghala wakitoe, au mtunzaji mwenyewe aombe kitolewe. Nikauliza lipi lina heshima zaidi. Akasema kitabu hakisemi. Nikaomba mwenyewe. Unaandika jina la kifurushi, unaandika sababu, unabonyeza. Kwenye sababu niliandika: hakijitoshelezi.

Mjomba nilipomsimulia aliacha kula. "Yaani umepigania sheria, sheria imepita, imekufukuza wewe?" Nikasema ndiyo. "Na hawakulipi?" Nikasema hapana. Akaniongezea samaki, akasema nyie watoto mna ugonjwa. Mimi mwenyewe bado najiuliza, Bibi. Kwenye ngoma unajua: uwanja wako umejaa au umebaki na vumbi. Huku nimeshinda na uwanja wangu hauna mtu.

Kifurushi kinaweza kurudi, nikipata sauti za mtu anayejulikana, aliyekubali kwa kinywa chake. Wazee wanaojua rangi zote za ng'ombe wapo, nitazunguka Kisesa niwaombe. Wewe sikuombi. Jina lako nimeshalitumia bila kukuuliza, siwezi kurudi nikachukua na sauti. Na kama unataka lile neno la ndama liwe lako au lisiwe lako, niambie, nitawaandikia hivyohivyo.

Juzi tulirudi kisiwani, safari hii na Kaka Projestus. Sikuvaa shati jeupe na sikutoa hotuba. Nikaweka kamusi, ikaingia yote. Ramani ikaingia. Foleni ikapita mpaka mwisho bila kusimama, na wanafunzi wakavamia meza, mmoja akatafuta neno la matusi kwenye kamusi, akalikuta, ikawa furaha ya darasa. Mwalimu Neema akapita kwenye orodha na kidole chake, polepole, juu mpaka chini.

"Fundi, na kile chenye jina lako? Mara ile ulituonyesha."

"Kimetolewa."

"Kwa nini?"

"Sheria imekikataa."

"Sheria ya nani hiyo?"

Kaka Projestus alikuwa dirishani anakunja waya, akaacha kukunja. Wanafunzi nao wakanitazama. Nilikuwa na majibu mengi mazuri, unanijua.

"Yangu," nikasema.

Basi, Bibi, nimechoka mkono. Mpe shikamoo Mama, mwambie sijaacha kusali, nimepunguza tu. Msalimie Mjomba mkubwa Masele, na wachungaji unaowasingizia, na jirani yenu fundi cherehani aliyenishonea kaptula yenye mguu mmoja mrefu. Dada Kabula, kama umesoma mpaka hapa bila kuongeza yako, kitenge chako kiko kwenye mfuko alioubeba dereva aliyewaletea barua hii. Kama uliongeza, mpe Bibi.

Ni mimi mumeo, mjukuu wa mcheza na chatu, ambaye kwa sasa sina kifurushi,

Shija